Watoto wa Nassibu Wako Kitabu Kingine

Wiki iliyopita niliwaacha barazani kwa Shehe Mudathiri, hapa Kibiti, na nimesikia wengine wenu mlilitupa gazeti chini kwa hasira. Poleni. Nami siku ile nilitamani kutupa kitu, ila mkononi nilikuwa na sahani ya tende ya watu.

Kwa anayenikuta leo, nimwambie kwa ufupi asije akamsumbua jirani. Jina langu Kijakazi. Nauza chai na vitumbua stendi, pale magari ya Lindi yanaposimama kupoza injini. Mchumba wangu wa kwanza alihamia Dar pamoja na cherehani yangu. Kibanda changu kikaungua. Halafu Mungu akakumbuka kuwa nami nipo, akaniletea Twalha, kijana wa Mohoro, mpole, muuza mitumba tangu hiyo mitumba iliporuhusiwa. Posa ikaja, ikapokelewa, ikabaki ndoa.

Tukaenda kwa Shehe kupanga siku. Shehe akamgeukia mzee Nassibu, mume wa marehemu mama yangu, mtu niliyemwita baba tangu nilipoota meno.

"Mzee, wewe ndiye wali wake?"

"Hapana, Shehe," akasema mzee Nassibu. "Mimi siwezi kumwoza huyu. Huyu si wangu."

Hapo ndipo tulipoishia. Sasa twende.

Nilicheka. Wallahi nilicheka, kwa sababu mzee Nassibu alikuwa na mzaha wake wa siku zote. Hakuwahi kuniita mwanangu. Aliniita binti wa watu. "Binti wa watu, niletee maji." "Binti wa watu, umekula?" Nimekua nikidhani ndio utani wa wazee wa vilimani.

"Unajua unachokisema?" Shehe akamwuliza.

"Najua."

"Unamkana mtoto mbele ya mashahidi?"

"Sina mtoto, Shehe. Watu wote wanajua sina mtoto."

Akavaa kandambili zake, akashuka barazani bila kuaga. Kicheko kikanikauka mdomoni. Twalha akavua kofia, akaishika magotini, akawa anaigeuza tu.

"Sasa tufanyeje?" nikauliza.

"Mwanamke haolewi bila wali," Shehe akasema, kwa upole uliozidi kuniumiza. "Ungekuwa huna mtu duniani, ningekuoza mimi mwenyewe na pilau tungekula. Lakini una baba mahali fulani, awe hai au maiti, na baba huyo ana ndugu zake. Siwezi kumruka mtu nisiyemjua. Nenda wilayani, kwenye ofisi ya vizazi na vifo. Kaone uliandikwa binti wa nani."

Na haraka ilikuwepo. Shabani ilikuwa imeshaandama, na Bi Mwanajuma, mama yake Twalha, alikuwa amekwisha kutamka: ndoa iwe kabla ya mfungo au isiwe kabisa. Kule Mohoro kulikuwa na binti wa mjomba, amewekwa tayari tangu utoto, anasubiri mimi niteleze.

Nyumbani nilimkuta mzee Nassibu ananoa panga ambalo halikuwa butu.

"Baba, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Basi baba yangu ni nani?"

"Mwambie Shehe akuoze yeye. Si anawaoza wasio na watu?"

"Mimi nina mtu. Nina wewe."

Panga likasimama juu ya jiwe. Midomo yake ikacheza, nikadhani sasa jina linatoka.

"Binti wa watu," akasema, "chakula kiko jikoni. Nimekuwekea samaki."

Nilikula samaki yule nikilia, na nawaambia alikuwa mtamu, jambo lililonikasirisha zaidi.

Wilayani nilikwenda na Twalha. Karani wa vizazi na vifo alikuwa kijana aliyevaa shati lenye maandishi ya chuo cha ng'ambo. Twalha akalitazama shati, akatabasamu. Alikuwa amemuuzia yeye. Kwa hiyo hatukuambiwa tuje kesho.

"Jina la baba?" karani akauliza.

Nikasita. "Anza na Nassibu Fikirini, wa Mahege, kule vilimani."

Akafungua, akafunua, akalamba kidole, akafunua tena. Akainuka akaenda kwenye kabati jingine.

"Watoto wa Nassibu Fikirini wapo," akasema.

"Alhamdulillahi!" Twalha akanishika mkono.

"Lakini wako kitabu kingine."

"Kitabu gani?"

"Cha vifo."

Akatusomea. Amal. Mwinjuma. Rukaya. Wote wa Mahege, wote wa Nassibu na Zaitun, hakuna aliyefikia hata kutambaa. Wa mwisho Mwamvua, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea. Mwamvua, mdogo wangu, nilimkumbuka, nilimbeba mgongoni mimi mwenyewe. Hao wengine sikuwahi kusikia majina yao, wala sikujua kama mama yangu alipata kuwazaa.

"Na Kijakazi hayumo humo?" nikauliza. Swali la kijinga, naanza kujitafuta kwenye wafu.

"Humo hayumo. Tujaribu kwa jina la mama."

Akarudi kwenye kitabu cha vizazi. Safari hii hakuchelewa.

"Huyu hapa. Kijakazi. Mama, Zaitun Sikujua wa Mahege. Baba..." Akamtazama Twalha, akalitazama daftari, akamtazama tena Twalha.

"Soma basi, ndugu yangu," Twalha akasema.

"Baba, Habibu Twalha. Kazi, mfanyabiashara. Makazi, Mohoro."

Kwa asiyeelewa, nimweleweshe. Mchumba wangu anaitwa Twalha Habibu. Jina lake ni la babu yake, kama ilivyo ada ya watu wa Mohoro. Habibu Twalha ni marehemu baba yake mzazi.

"Soma tena," Twalha akasema.

Karani akasoma tena, na maneno hayakubadilika.

"Nani aliyekuja kuandikisha?"

"Baba mwenyewe. Ametia saini."

Twalha akaligeuza daftari, akaweka kidole kwenye saini, akakaa hivyo mpaka karani akaona haya akatoka nje. "Hii saini ya baba," akasema taratibu. "Iko vilevile kwenye Msahafu wa nyumbani."

Mkono wangu aliokuwa ameushika, sijui aliuachia saa ngapi. Tulikuwa hatujagusana zaidi ya hiyo mikono, na Mungu nimshukuru kwa hilo. Katika kurudi, Twalha aliyezoea kukaa nami nyuma juu ya magunia alipanda mbele kwa dereva. Njia nzima niliona kisogo chake kupitia kioo kidogo cha nyuma. Nilikitazama kisogo kile kutafuta kama kinafanana na changu, na mtu hajui kisogo chake, basi nikazidi kuchanganyikiwa.

Mambo haya hayafichiki. Siku ya pili, gari la kwanza kutoka upande wa kivukoni, njia ya Mohoro, lilimshusha Bi Mwanajuma mbele ya kibanda changu. Nikainuka na birika mkononi.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. "Nyanyua uso nikuone."

Nikanyanyua. Stendi nzima ikaacha kunywa chai.

"Pua hiyo," akasema. "Pua ya marehemu hiyo. Wamekuja watu na posa, wameiona pua, hakuna aliyeniambia."

Nikajishika pua. Nilikuwa nayo siku zote na sikuwahi kuishuku.

"Mama, mimi sikujua..."

"Nani kasema ulijua? Aliyejua ni yeye, na yeye yuko kaburini, kajilalia!" Akaketi kwenye benchi la wateja. "Kila msimu wa korosho alikuwa akipanda huko vilimani. Akirudi, nguo zinanukia moshi wa jiko la mtu. Namwuliza, ananiambia biashara. Mie nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka nimekuja kumwozesha mwanangu kwa dada yake!"

Akalia, mama wa watu, na buibui lake zuri, mbele ya makuli. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mwanamke yule maisha yangu yote, na badala yake nikammiminia chai. Akainywa. Kisha akaniambia nisikanyage Mohoro.

Twalha hakukubali. Nampa haki yake, alipigana. Alimkokota mama yake mpaka kwa Shehe, nami nikafuata nyuma na aproni yangu. "Shehe," akasema, "kama huyu ni binti wa baba, basi baba alimwoa mama yake. Iko wapi ndoa hiyo?"

Shehe Mudathiri alikuwa na daftari la ndoa la marehemu baba yake, aliyeozesha watu wa Mahege na vijiji vya jirani kwa miaka mingi. Akatafuta. Ndoa ya Habibu haikuwemo. Iliyokuwemo ilikuwa ya Zaitun na Nassibu Fikirini, wameoana miaka kabla sijazaliwa, na talaka hakuna.

"Sasa sikilizeni," Shehe akasema. "Mtoto ni wa kitanda. Akizaliwa ndani ya ndoa, ni wa mwenye ndoa, hata watu waseme nini. Ila mwenye ndoa akimkana, mambo hubadilika, na huyu amekana, hapa hapa, mbele yangu. Nassibu akirudi akaapa kuwa binti ni wake, karatasi ya wilayani itakuwa karatasi tu, na mimi nitawafungisha ndoa siku hiyo hiyo. Asiporudi, nitaifuata karatasi, nao ni ndugu. Nileteeni Nassibu hapa Ijumaa, baada ya swala."

Kwa hiyo maisha yangu yote yakawa yananing'inia kwenye ulimi wa mzee mmoja asiyesema. Nyumbani nilimsihi, nikampigia magoti, nikamnunia. Alinitazama tu na kuniuliza kama nimekula.

Nikaona heri niende Mahege, nilikozaliwa, nikatafute mtu aliyemjua mama. Nilipanda lori la mkaa, nikamalizia kwa miguu. Wakanionyesha nyumba ya Bi Mwanasiti, mkunga wa zamani. Nilimkuta uani anamenya mihogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Weye nani?"

"Kijakazi wa Zaitun."

Kisu kikamtoka mkononi. "Kijakazi wa jalalani? Weye u hai mpaka leo?"

"Niko hai, bibi."

"Basi ile dawa ilifanya kazi!" Akapiga kigelegele peke yake, uani, na maganda ya mihogo mapajani.

Nikamweleza shida yangu tangu mwanzo. Nilipofika kwenye jina la Habibu na saini yake, bibi kizee akacheka mpaka akashika mbavu.

"Ati waliandika kweli! Miye nilidhani wanafanya maskhara."

"Bibi, mimi nalia, wewe unacheka?"

"Kaa chini, mwanangu. Kaa." Akajifuta machozi ya kicheko. "Mama yako alikuwa anazaa, wanakufa. Anazaa, wanakufa. Na Nassibu alikuwa na maradhi ya kupenda. Mtoto hajatoka arobaini, kashambeba anazunguka naye kijiji kizima, mtazameni mwanangu, mtazameni mwanangu. Wakubwa wakamwambia, Nassibu, kinywa chako hicho ndicho kinachomwonyesha mauti njia."

"Halafu?"

"Halafu ukaja weye. Miye ndiye niliyekupokea. Hatukukuogesha vizuri hata. Nikakutia kwenye ungo, nikakutoa kwa mlango wa nyuma, nikakutupa jalalani."

"Jalalani!"

"Juu ya maganda kama haya. Ndiyo mila, usinitolee macho. Mtoto wa jalalani hana mwenyewe, mauti hana haja naye. Habibu wa Mohoro alikuwa hapa ananunua korosho, tulishapatana naye. Akapita kama hajui lolote, akapiga kelele, 'Jamani, nimeokota kijakazi!' Akakubeba, akakuleta kwa mama yako. 'Mama, nilelee huyu, ni mali yangu.' Jina lako likawa hilo."

Jina lililofanya nichekwe shuleni, jina ambalo Bi Mwanajuma alilitamka kwa ncha ya ulimi, kumbe nilivishwa ili nisitamanike na kifo.

"Na huko wilayani?"

"Hilo alilitaka Nassibu. Alisema mauti wa siku hizi mjanja, tusimwachie mwanya, hata serikali iandike kuwa si wangu. Habibu akacheka, lakini alikuwa mtu mwema. Alipokwenda na shughuli zake huko, akakuandikisha wake."

"Kwa hiyo baba yangu..."

"Nani mwingine? Nassibu! Yatazame magoti yako hayo, yamepinda kama yake."

Nikayatazama. Ni kweli yamepinda.

"Mbona hakunirudisha, bibi?"

"Ilikuwa ukue kidogo, Nassibu aende kwa Habibu na kuku na pishi ya mpunga akukomboe. Anayerudisha ni yule yule aliyeokota, kwa mkono wake mwenyewe. Habibu akafa kabla. Basi, ukabaki hivyo."

Nikamshika mikono. "Bibi, twende Kibiti ukamwambie Shehe haya."

"Nani? Miye?" Akavuta mikono yake. "Aka! Nimwambie Shehe tulikuwa tunatupa watoto majalalani kumkwepa mauti? Anisomee mambo ya ushirikina hadharani, uzee huu? Mwambie Nassibu. Ana kinywa."

Nilirudi Kibiti mbio, moyo mweupe. Nilikuwa na baba. Nilikuwa na mume. Kilichobaki ni neno moja.

Mzee Nassibu alinisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa.

"Basi umeshajua," akasema. "Mbona unataka tena niseme?"

"Karatasi inasema Twalha ni kaka yangu."

"Karatasi ile tuliiandika kumdanganya mauti. Hatukuiandika kumdanganya Shehe."

"Lakini anayeisoma ni Shehe!"

"Nilipomjua kijana ni mtoto wa Habibu, nilifurahi. Nilijua kwake utatunzwa. Nikasema nitajiweka kando, Shehe atakuoza, nami kinywa changu kitabaki kimefungwa. Sikujua kama watakwenda kufukua madaftari."

"Baba, wale watoto walikufa kwa homa. Zahanati haikuwepo."

"Labda."

"Si labda, ni malaria!"

"Na Mwamvua?" akaniuliza. "Alizaliwa wewe una afya zako, nikajisahau. Nikadhani yamekwisha. Siku aliyopiga hatua ya kwanza nilitoka nje nikaita watu, nikasema, njooni mumtazame mwanangu. Wewe ulikuwepo. Unakumbuka ilivyokuwa."

Nilikumbuka. Nilikumbuka joto la mwili wake mgongoni kwangu, likipenya kanga, na jinsi nilivyodhani amelala.

"Unaamini kweli mambo haya, baba?"

"Sijui ninaamini nini. Ninachojua, nilinyamaza na wewe ukakua." Akanyanyua uso. "Lakini ukitaka, nitasema. Wewe ndiye mwenye maisha yako. Unataka?"

"Nataka," nikasema. Sikufikiri hata kidogo. Nilikuwa namwona Twalha na kofia yake.

Sasa ndipo yaliponianza. Alhamisi nzima mzee Nassibu alikuwa mbioni. Alifagia uwanja mpaka kwa majirani. Alifua kanzu yake na kuianika. Alinipikia samaki, akaniwekea kipande cha mkia na cha kichwa vyote mimi, akakaa mbele yangu akanitazama ninavyotafuna.

"Kichwa hakiumi?"

"Hakiumi."

"Mwili?"

"Mzima, baba."

Akakifungua chandarua chake, akaja kukifunga kitandani kwangu. Alikuwa na chandarua kimoja tu. Nikamwambia akirudishe, akanijibu yeye mbu hawamtaki. Akazunguka nyumba, akarudi, akaniuliza tena kichwa.

Mtu akiulizwa sana kama anaumwa, huanza kujisikiliza. Nilikohoa, nikashtuka. Nikahisi shingo nzito. Nikajipapasa paji la uso, nikaona la moto, nikajipapasa tena, nikaona la baridi, na baridi hiyo nayo nikaiogopa. Mimi niliyemaliza darasa la saba, niliyechora mbu wa malaria ubaoni na mwalimu akanisifu, niliingia Ijumaa na macho makavu na roho inayokimbia chumba hadi chumba.

Baada ya swala tulikusanyika barazani kwa Shehe. Bi Mwanajuma alikuwa ameketi kwenye kiti, uso ameugeuzia barabarani. Twalha alisimama karibu na nguzo. Alinitupia jicho la matumaini, la kwanza tangu siku ya karani, nami nikajaribu kutabasamu. Mashahidi walikuwa wale wale waliosikia nikikanwa.

"Mzee Nassibu," Shehe akasema, "nimeambiwa umerudi kwa hiari yako."

"Kwa hiari yangu."

"Una udhu?"

"Ninao."

"Basi apa, kisha utuambie. Huyu Kijakazi ni nani wako?"

Mzee Nassibu akasimama. Kanzu ilikuwa nyeupe, imenyooka, na ndani yake alikuwa anatetemeka kuanzia magoti yale yaliyopinda. Akanitazama, jicho la mtu anayemtazama msafiri akipanda gari. Nikaona ananiaga.

"Wallahi," akasema. "Wabillahi. Huyu ni mwa..."

Nilikuwa nimesharuka. Sijui nilivuka mkeka namna gani. Kiganja changu kilikuwa juu ya kinywa chake, nimekikandamiza kwa nguvu zangu zote, na neno lake nimelihisi kwa ndani likigonga vidole vyangu.

Ningependa kuwaambia nilimwonea huruma mzee. Ingependeza, na mngenisifu. Sikumwonea huruma. Niliogopa kufa. Nilimwona Mwamvua kama ninavyowaona ninyi, anapiga hatua, na kinywa kile kile kinafunguka, na kila nilichojifunza darasani kikanikimbia.

Wa kwanza kupata sauti alikuwa Bi Mwanajuma.

"Mmeona?" akasema, na sauti yake haikuwa ya ushindi, ilikuwa imechoka. "Binti mwenyewe hataki mzee wa watu aape uongo kwa ajili yake. Mungu amlipe kwa hilo."

"Siyo hivyo!" nikapiga kelele. "Mama, siyo hivyo!"

"Basi ni vipi?" Shehe akaniuliza. "Sema wewe, kama yeye hawezi. Huyu mzee ni nani wako?"

Jibu lilikuwa neno moja, na nililitamka kila siku tangu nilipoota meno bila kulifikiria. Nikafungua mdomo. Halikutoka. Nilisimama pale, mkono mmoja kinywani mwa baba yangu, nikitafuta maneno mengine ya kuzungukia, na maneno mengine hayakuwepo.

Mzee Nassibu akauondoa mkono wangu taratibu. Kiganja kilikuwa kimelowa machozi yake. Akaketi chini, wala hakusema tena.

"Haya," Shehe Mudathiri akasema. "Aliyekana hakurudi. Nami nafuata karatasi. Kijakazi ni binti wa Habibu Twalha, Mungu amrehemu. Ndoa hii haipo." Akafunga daftari lake. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa kupenda kumaliza jambo, akaendelea, "Na kwa kuwa baba amefariki, siku binti atakapotaka kuolewa, wali wake atakuwa..."

Akakatika. Watu wote wakageukia kwenye nguzo.

Twalha akavaa kofia yake. Akaja mpaka mbele yangu, karibu kuliko alivyowahi kunikaribia, akanitazama usoni bila kukwepa, macho mekundu.

"Basi wali wako ni mimi, Kijakazi," akasema. "Ukipata mtu, mlete Mohoro nikuoze."